Aliyeihesabu Bahati, Je, Amedanganya?

Katika darsa letu palizuka swali ambalo wengi walilidhania ni la kitoto, nalo lilipochunguzwa likadhihiri kuwa si la kitoto hata kidogo. Swali lenyewe ni hili: ikiwa kitu kimewekwa kije kwa bahati, na mtu akaisoma ile bahati mpaka akajua dakika yake na nukta yake, kisha akanyosha mkono akakitwaa, je, mtu huyo ni hodari au ni mdanganyifu?

Lililolizusha ni michezo ya kompyuta ya zamani, khasa ule wa kukamata viumbe uitwao Pokémon. Twamwomba msomaji asiliweke karatasi hili kando kwa kusikia neno mchezo. Bao nalo ni mchezo, na hapana asiyejua ni maneno mangapi ya hekima, na ni ugomvi wa siku ngapi, uliotoka katika mashimo yale 32.

Mchezo huu ulitolewa Japani mwaka 1996 kwa ajili ya chombo kidogo cha mkononi, Game Boy, cha kampuni ya Nintendo. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri, alikuwa utotoni mwake akipenda kukusanya wadudu, na mchezo wake wafanana na hayo: mtu huzunguka katika nchi ya kubuni, hupita majanini na mapangoni, na viumbe humtokea kwa ghafla, naye hujaribu kuwakamata. Mwaka 1999, katika matoleo ya Gold na Silver, wakaongezwa viumbe wa rangi isiyo ya kawaida. Kiumbe ni yule yule, na rangi haimzidishii nguvu. Ila nyota humeta anapotokea, na mwenye kumpata hujiona amepata. Kwa miaka mingi kumkuta mmoja wao ilikuwa ni mara 1 katika mara 8,192. Katika matoleo yaliyotoka tangu mwaka 2013 hesabu hiyo imepunguzwa ikawa 1 katika 4,096.

Hesabu hii yafaa ifahamiwe vyema, maana wengi huielewa vibaya. Mtu akijaribu mara 8,192 hana ahadi ya kupata. Tukiwachukua watu 100 waliojaribu mara hizo zote, yapata 37 kati yao watakuwa bado mikono mitupu. Na tukijaalia kila jaribio ni nusu dakika tu, majaribio hayo ni saa 68 na zaidi. Wako watu waliozitoa saa hizo, usiku baada ya usiku, wakizima chombo na kukiwasha, wakizima na kukiwasha, kwa ajili ya rangi. Sisi hatuwacheki. Mvuvi naye hukaa.

Sasa tuje kwenye shina la jambo. Mashine haina mkono wa kurushia dadu. Hujui kufanya jambo ila hesabu, na hesabu haina bahati ndani yake: mbili mara mbili ni nne leo na ni nne kesho. Basi watengenezaji wa mashine hutumia hila. Huchukua nambari moja, huizidisha kwa nambari kubwa, huongeza nyingine, kisha jawabu likizidi kiasi fulani hukatwa, na kinachobaki ndicho kinachotumika kama kwamba dadu limeanguka. Kisha kile kilichobaki huzidishwa tena, na tena, bila ya mwisho. Asili ya njia hii ilielezwa na Derrick Henry Lehmer, mwanahisabati wa Marekani, mwaka 1949. Na mwenzake mashuhuri, John von Neumann, alipata kusema kwa mzaha kuwa mwenye kudhani ataipata bahati ya kweli kwa njia ya hesabu huyo yumo katika dhambi. Alikuwa akifanya mzaha, walakini neno ni zito, na tutalirejea.

Katika toleo liitwalo Emerald, lililotoka Japani mwaka 2004, nambari ya kuzidisha ni 1,103,515,245, na ya kuongeza ni 24,691. Kikomo ambapo jawabu hukatwa ni 4,294,967,296. Chombo huonyesha picha zipatazo 60 kwa kila sekunde, na kwa kila picha hesabu hupiga hatua moja. Lililowastaajabisha waliolichunguza ni kwamba kila Emerald, iwe imewashwa Tokyo au Toronto, asubuhi au usiku, huanza na sifuri. Watengenezaji hawakukusudia hayo, ni kasoro. Sifuri hufuatwa na 24,691, nayo hufuatwa na 3,917,380,458, na mlolongo huendelea vivyo hivyo, usiopotoka hata mara moja, hata urudi ulipoanzia baada ya siku zipatazo 832 za mchezo kuachwa ukiwaka bila ya jambo lingine.

Basi ile bahati waliyokesha nayo watu ilikuwa ni mstari mmoja, umenyoka, umeandikwa tangu kiwandani. Mchezaji akibonyeza kitufe, huwa ameuchoma mstari huo mahali fulani kwa sindano. Akiwahi au akichelewa kwa sehemu 1 katika 60 ya sekunde, kiumbe atakayetoka ni mwingine. Kilichokuwa cha bahati ni kidole chake tu.

Wajuzi walipoyagundua haya wakatengeneza programu za kuuhesabu ule mstari, kama RNG Reporter na PokéFinder. Mtu huieleza programu nambari mbili ambazo mchezo humpa kila mchezaji anapoanza, nayo humjibu: katika hatua ya 18,000, mathalani, atatoka kiumbe wa rangi ya nadra, mwenye tabia kadha na nguvu kadha. Hatua 18,000 ni dakika 5 na sekunde moja hivi. Hapo mtu huwasha chombo, huweka saa yenye kulia, husimama mbele ya yule joka wa kijani aitwaye Rayquaza juu ya mnara wake, na saa ikilia hubonyeza. Mara ya kwanza hukosa. Humkamata aliyetoka, humpima, huuliza programu kiumbe huyo ni wa hatua gani, hujua kuwa alichelewa kwa hatua 11, hurekebisha saa yake, huanza upya. Huenda ikawa mara ya 20, huenda ikawa ya 50, ndipo joka hutoka mweusi kama ilivyotabiriwa. Hakugusa chochote ndani ya mashine. Hakubadili herufi moja. Mchezo wenyewe ndio uliompa.

Je, amedanganya?

Wako katika darsa letu waliojibu mara moja kuwa ndiyo, kwani alichokipata kiliwekwa kwa ajili ya mwenye kungoja, naye hakungoja. Wengine wakajibu mara moja kuwa la, kwani mwenye akili hatolewi lawama kwa kuwa na akili. Na wakatoa mfano wa bao. Bingwa wa bao huzihesabu kete mkono kwa mkono kabla hajaugusa ubao, hujua zitakapoishia, na hapana amwitaye mwizi. Mfano huu ni mzuri lakini hautoshi. Katika bao kete zote 64 zi wazi mbele ya macho mawili mawili. Kuhesabu ndio mchezo wenyewe, na mpinzani aweza kuhesabu vile vile. Katika mchezo wa viumbe, hesabu ilifichwa, na aliyeificha alikusudia isihesabiwe.

Walakini kusudio la mtengenezaji, peke yake, si sharia. Mwaka 1984, huko Marekani, palikuwa na mchezo wa televisheni uitwao Press Your Luck, ambao taa zilikuwa zikirukaruka ubaoni na mtu akabonyeza kitufe kuzisimamisha. Mtu mmoja, Michael Larson, alikaa nyumbani akizitazama taa zile mpaka akabaini kuwa zinakwenda kwa njia 5 tu, akazihifadhi kichwani, kisha akaingia mchezoni akatoka na dola 110,237. Wenye televisheni walikasirika, wakachunguza, na mwisho wakamlipa: hakuvunja kanuni hata moja. Kisha wakazidisha njia za taa. Sisi twaona walihukumu vyema mara zote mbili. Deni la uzembe ni la mwenye kuzembea.

Mtazame sasa mwingine. Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa taarifa katika jumuiya inayoendesha bahati nasibu za majimbo kadhaa ya huko huko Marekani. (Hukumu ya bahati nasibu yenyewe wasomaji wetu waijua, hatuizungumzii hapa.) Huyu alitia ndani ya mashine programu iliyofanya nambari ziweze kujulikana mapema katika siku 3 za mwaka, na mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha mpaka miaka 25. Naye pia aliihesabu bahati. Lakini Larson alisoma kilichokuwa wazi kwa kila mwenye macho, na Tipton aliaminiwa ufunguo akauchonga wa pili. Kosa lake si kujua, ni khiyana. Na waliotoa fedha zao walidhani wako sawa naye, kumbe sivyo.

Twadhani hapa ndipo tafauti ilipo, wala si katika kungoja au kutongoja. La kuulizwa ni nani aliye upande wa pili, na anadhani nini. Anayecheza peke yake na mashine yake hana upande wa pili. Mashine haidhulumiwi. Kumwita mtu huyo mwizi ni kuliharibu neno wizi, ambalo twalihitaji kwa kazi nyingine.

Lakini viumbe hawa hubadilishanwa. Tangu mwanzo vyombo viwili viliweza kuunganishwa kwa waya, na mtu akampa mwenzake kiumbe akapokea mwingine. Mmoja analeta joka alilolikesha wiki tatu, wa pili analeta alilolihesabu mchana mmoja. Majoka haya yamelingana kabisa. Hapana mizani iwezayo kuwatenga, maana yote mawili yametoka katika mstari ule ule. Je, wa kwanza amepunjwa?

Hapa tulibishana sana, na mfano uliotusaidia ulitoka pwani. Nguru aliyevuliwa kwa mshipi na nguru aliyevuliwa kwa jarife, mnunuzi sokoni hatafuti tafauti yao. Atalipa kwa ratili. Lakini muuzaji akimwambia, "Huyu nilipambana naye kwa mshipi tangu alfajiri mpaka adhuhuri," na mnunuzi akaongeza kitu kwa ajili ya maneno hayo, hapo ameuziwa samaki na ameuziwa uwongo. Nyama ni ya kweli, ziada ni ya haramu. Na yule wa joka vivyo hivyo. Akisema "nimelihesabu," na mwenziwe akaridhika, hapana dhuluma. Akisema "nimekesha nalo," amedanganya. Na akinyamaza? Wengine walisema kunyamaza si kusema. Sisi hatukubali. Mahali ambapo ada ya watu ni kufahamu kuwa cha nadra kimepatikana kwa kukesha, mwenye kunyamaza huiacha ada imsemee, naye ajua yale inayoyasema.

Kadhalika wako wanaokitia kiumbe ndani ya mashine kwa vifaa vya kubadilisha kumbukumbu zake, bila ya kungoja wala kuhesabu. Hao ni mlango mwingine, kwani kitu chao mchezo haukukitoa kabisa. Wakikitoa kwa mtu kama kwamba ni cha mchezo, ni fedha ya bandia, na hatuoni haja ya kurefusha maneno.

Lililobaki ni gumu zaidi, nalo halimhusu mwingine ila mtu na nafsi yake. Mmoja katika sisi alisema kuwa mwenye kuhesabu hakupata kitu, kwa sababu thamani ya kile kiumbe ilikuwa ni mshtuko wa kukiona bila ya kukitazamia, na huo ameuua mwenyewe kwa programu. Kauli hii ina nguvu. Walakini tuliwaangalia wenye kuhesabu, tukaona kuwa hawakuondoa furaha, wameihamisha. Yule aliyekosa kwa hatua 11, kisha kwa 4, kisha kwa 1, moyo wake hupiga kama wa mwingine yeyote, kwani mstari ameujua lakini kidole chake bado hakijui. Pengine kile alichokichoka ni kuambiwa kuwa hapana sababu, hali sababu ipo. Na neno la von Neumann hapa lamfaa msomaji alitafakari: dhambi aliyoifanyia mzaha ilikuwa ni ya kuiita hesabu bahati. Watengenezaji wa mchezo ndio walioiita hivyo. Aliyeihesabu ameirudishia jina lake.

Na hata hivyo hatuthubutu kusema kuwa aliyekesha ni mjinga. Yeye hakuungoja mstari. Aliungoja usiku wake mwenyewe, na subira aliyoizoea hapo yaweza kumfaa penginepo, kama hesabu itakavyomfaa yule wa pili. Mwenye kujua kazi zote mbili ni nadra kuliko joka mweusi.

Jambo moja wajuzi wameliona katika matoleo ya Ruby na Sapphire ya mwaka 2002, yaliyotangulia Emerald. Kaseti zake zina betri ndogo ya kuendeshea saa, na maadamu betri ni hai, mlolongo huanzia mahali panapofuata saa hiyo, kwa hiyo ni vigumu kupajua. Betri ikifa, huanza na 1,440 kila mara. Kaseti hizo sasa zimepita miaka 20, na betri zake zinakufa moja baada ya moja, katika masanduku na makabati ya watu waliokwisha kukua, na kila inayokufa hurudi kwenye nambari ile ile.