Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Mfereji wa Yatta, uliochimbwa na wafungwa wa Mau Mau katika miaka ya 1950, hutoa maji Mto Thika na kuyaleta huku Yatta. Anayelima mishiri (maharagwe machanga) Kithimani anaujua ugomvi wake. Wa juu akikesha na pampu, wa chini anaamkia tope, na mishiri yake inanyauka ikiwa kwenye maua. Maji ni ya wote, ila anayeshiba ni aliye karibu na mlango.

Vijana wetu wanaoandika mtandaoni wakitarajia malipo na wasikie kisa cha mtandao wa Steemit, maana ugomvi huo uliwakuta wenzao.

Steemit ilianzishwa Marekani mwaka 2016 na Ned Scott na Dan Larimer. Ahadi yake ilikuwa tamu: andika makala, wasomaji waipigie kura, ulipwe kwa sarafu ya kidijitali iitwayo Steem. Kila siku sarafu mpya ziliingia katika fungu moja, na kura ndizo zilizoligawa. Waandishi walimiminika, wakiwemo wengi wa Nigeria na Ghana.

Kasoro ilikuwa kwenye mzani. Kura hazikuhesabiwa kwa vichwa bali kwa hisa. Mwenye sarafu nyingi, waliyemwita nyangumi, akibofya mara moja aliwazidi mamia ya watu wa kawaida, wala hakuna kilichomzuia kujipigia mwenyewe. Wengine wakageuza kura kuwa biashara: unaitumia roboti sarafu, nayo inaipandisha makala yako, iwe nzuri au mbovu. Makala ya jasho ikaambulia senti, na sentensi mbili za mwenye hisa zikazoa dola. Waliochukia wakalipiza kwa kura za kupinga, zilizopunguza malipo ya wenzao. Agosti 2019 kanuni ikabadilishwa: wapiga kura wakapewa nusu ya malipo ya makala badala ya robo, na waandishi wengi wakalalamika.

Februari 2020 Justin Sun, mwanzilishi wa mtandao wa sarafu za kidijitali wa TRON, akainunua kampuni ya Steemit pamoja na akiba yake kubwa ya sarafu. Wasimamizi wa mtandao, waliochaguliwa kwa kura za wenye sarafu, wakaifungia akiba hiyo isipige kura. Mwezi uliofuata, masoko ya sarafu yakapiga kura upande wa Sun kwa sarafu za wateja wao na kuwang'oa wasimamizi hao. Tarehe 20 Machi kundi kubwa likahama, likaanzisha Hive na kumnyima Sun mgawo wa akiba ile. Mei, upande wa Steem ukajibu kwa hatua ya kutwaa sarafu za akaunti 64, zenye thamani ya takriban dola milioni 5. Jumuiya iliyokusanyika kwa ajili ya kuandika ikaishia kunyang'anyana.

Walaghai wachache peke yao hawangeweza kuifikisha hapo. Kanuni yenyewe ilimruhusu mgawaji kujigawia, na binadamu akipewa ruhusa hiyo ataitumia.

Vikundi vya vijana wetu wa mtandaoni vinaanza vivyo hivyo. Mmoja ana simu yenye kamera nzuri, wa pili anaandika, wa tatu anahariri video, na ukurasa umefunguliwa kwa jina la mmoja. Malipo yakiingia kwenye M-Pesa ya huyo mmoja, maswali yanaanza, kisha minong'ono, kisha kila mtu na njia yake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kaeni chini kabla ya shilingi ya kwanza. Andikeni kila kazi italipwa asilimia ngapi, na kila mmoja atie sahihi. Nenosiri lijulikane na watu wasiopungua wawili. Anayegawa asijipimie fungu lake, wenzake wampimie. Kanuni ikibidi kubadilishwa, ibadilishwe kwa kura moja kwa kila mtu, ianzie kwa mapato yajayo, isiguse jasho lililokwisha kulipwa.

Mgawo wa haki hupangwa mfuko ukiwa mtupu. Ukishajaa, mliofanya kazi pamoja mtakuwa mmekwisha kuwa washtaki na washtakiwa. Andikeni kanuni zenu sasa.