Kula Pamoja na Kulipa Sawasawa

Swali tunalolileta juma hili laweza kuonekana dogo mno kwa ukurasa huu, ambao wengi wenu huufungua mkitazamia neno juu ya ndoa, malezi ya watoto au mambo ya serikali. Ni swali la bili ya chakula. Tungaliliacha lipite, kama kosa lililomo lisingalikuwa letu wenyewe.

Mwaka huu tulikuwa Dar es Salaam kwa shughuli za gazeti, tukakutana na wenzetu watano tuliosoma nao seminari ndogo. Katika sita hao ni sisi peke yetu tuliofika altareni. Wengine Mungu aliwaita katika ndoa. Mmoja ni mwanasheria, mwingine mhasibu, wawili wana biashara zao, na wa tano ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Mbeya, akaaye Soweto, ambaye alikuwa amemsindikiza binti yake kuanza masomo ya chuo. Mwanasheria akapendekeza tukale chakula cha Kitaliano katika nyumba moja huko Msasani. Hapakuwa mahali pa fahari: viti vya mbao, leso za karatasi, watoto wakikimbizana kati ya meza. Kijana aliyetuhudumia alitueleza kwa upole kwamba hapo mtu hajiagizii chakula cha peke yake. Huletwa sahani ndogo ndogo, zikawekwa katikati, na kila mtu akachukua humo. Tulicheka sana. Sisi sote tulilelewa kwenye sinia moja, tukinawishwa kwa birika moja, na leo twafundishwa kula pamoja kwa karatasi ya bei!

Zikaja sahani. Mikate iliyobanikwa na kuwekewa nyanya na majani ya mrehani, zeituni, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi na kukatwa nyembamba hata mwanga ukapita ndani yake, pweza wa bahari yetu hii hii, aliyetiwa ndimu na mafuta, bilinganya, tena vitonge vya wali vyenye jibini ndani, vilivyokaangwa. Vitonge vilikuwa vitano, na sisi tulikuwa sita. Mwalimu akasema ametosheka. Tulimwona akila mkate na zeituni, akinywa maji, akitusimulia habari za shule yake kwa uchangamfu, nasi tukadhani hajazoea vyakula vya Kizungu. Tukaagiza sahani nyingine, kisha nyingine.

Bili ilipoletwa, mhasibu alitoa simu yake apige hesabu ya nani alikula nini. Ni sisi tuliomzuia. Tulisema, tena kwa sauti ya kimahubiri, kwamba ndugu hawahesabiani vitonge. Tugawe kwa sita, mambo yaishe. Kila mtu akaangukiwa na Sh. 46,000. Wenzetu walisifu neno lile. Mwalimu alitoka nje kidogo na simu yake, akarudi, akalipa kama wengine.

Kesho yake tulipanda naye basi moja, maana nasi tulikuwa tukielekea Nyanda za Juu Kusini kuwaona wanaotusambazia gazeti. Gari lilipokuwa likipanda mlima Kitonga polepole nyuma ya malori, tukamwuliza kwa nini jana alikula kidogo vile. Akacheka. Akasema, “Padre, nilikuwa nahesabu.” Alidhani kwamba kila mtu angelipia alichokula, naye akajiwekea mpaka. Sisi tuliposema sawasawa, mpaka ule ukavunjika. Simu aliyopiga nje ilikuwa ya binti yake: alimwomba amrudishie sehemu ya fedha ya matumizi aliyomkabidhi asubuhi ile. Hakuyasema kwa kulalamika. Ametupa na ruhusa kuyaandika, ila jina lake tusilitaje.

Basi tulikosea wapi? Kusudi letu lilikuwa jema, na neno “sawasawa” ni neno zuri, wala hatujasikia mtu akilisema vibaya. Lakini waliotufunza falsafa seminarini walitufundisha, kwa kumfuata Aristotle na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, kwamba usawa si wa namna moja. Kuna usawa wa sokoni: debe la mahindi kwa bei ya debe la mahindi, awe mnunuzi ni tajiri au maskini. Na kuna usawa wa kugawa mambo ya wote, ambapo haki hufuata kipimo cha kila mtu, si kichwa kwa kichwa. Hesabu ya mhasibu ilikuwa usawa wa kwanza. Ilikuwa kavu, lakini ingalimtendea mwalimu haki. Ya kwetu haikuwa ya kwanza wala ya pili. Haikutazama alichokula mtu, wala haikutazama alichonacho mtu. Ilitazama idadi ya viti tu. Nayo ilivaa jina la udugu, na hilo ndilo lililofunga kinywa cha mwalimu, kwani ni nani athubutuye kupinga udugu mbele ya padre?

Msidhani jambo hili ni la wale waendao Msasani tu. Tazameni michango yetu. Kamati ya arusi huketi na kutangaza kiwango, na shangazi mjane hutakiwa kutoa sawa na mjomba mwenye malori matatu. Katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristu twapanga “kila familia kiasi hiki” kwa ajili ya ujenzi, kisha twashangaa familia fulani haionekani tena siku ya sala. Haikuacha sala. Inakwepa daftari. Nasi mapadre tu wa kwanza katika kosa hili, maana kiwango kimoja ni rahisi kutangaza, ni rahisi kukusanya, wala hakimlazimu kiongozi kujua hali ya nyumba ya mtu yeyote.

Hapo tulipofika Iringa mawazo yetu yaligeukia Tosamaganga, ambako Waitalia wengine kabisa walikula chakula cha namna nyingine. Wamisionari wa Consolata walifika Iringa mwaka 1919. Shirika lao lilianzishwa na Giuseppe Allamano mjini Torino mwaka 1901, naye Papa Fransisko alimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Huko Italia ya kaskazini walikotoka, chakula cha maskini kwa miaka mingi kilikuwa ugali wa mahindi, wao huuita polenta. Ulimwagwa juu ya ubao mpana katikati ya meza, na jamaa nzima wakala kila mmoja akianzia upande wake. Huko Torino na mashamba yake kuna pia chungu kimoja cha mafuta, vitunguu saumu na samaki wadogo wa chumvi, ambacho watu hukizunguka wakichovya mboga. Tusiwapambe zaidi ya kiasi: wakulima wengi wa nchi ile, katika karne ya 18 na ya 19, waliugua na kufa kwa pelagra, kwa sababu juu ya ubao ule hapakuwa na kitu kingine ila ugali. Hawakugawana kwa mtindo. Waligawana kwa kuwa hapakuwa na sahani za kutosha.

Sahani ndogo za Msasani zina asili nyingine, ni za vilabu vya mvinyo vya Venezia, ambako mtu hula tonge moja mbili akiwa amesimama, na bilauri ndogo mkononi. Mwaka 2009 Mwingereza Russell Norman aliiga vilabu hivyo kwa kufungua nyumba yake ya Polpo mjini London, na mtindo huo ukapendwa sana. Hatuulaumu. Lakini tukumbuke onyo la zamani la Mtakatifu Gregori Mkuu, alilolieleza pia Mtakatifu Tomaso, kwamba ulafi hauko katika wingi tu: mtu aweza kuwa mlafi kwa kula kabla ya wakati, kwa kutaka vya gharama, kwa kupita kiasi, kwa pupa, na kwa kudai mapishi ya uangalifu mno. Sahani ikiwa ndogo haimwokoi mtu na manne yaliyobaki. Jioni ile sisi tulikuwa nayo matatu, kama si manne.

Lakini lililotusumbua zaidi ni jambo tulilolijua na kulisahau. Katika nchi ya Wanyakyusa, kusini ya Mbeya, bibi mmoja mtaalamu, Monica Wilson, alikaa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930 akichunguza maisha ya watu, na kitabu chake kilitoka mwaka 1951. Aliandika juu ya vijiji vya marika, ambavyo vijana wa rika moja walijijengea, na juu ya neno ukwangala, yaani furaha ya kukaa pamoja na wenzako, kula na kunywa nao na kusaidiana. Wavulana wa rika hawakula kila mmoja kwa mama yake. Kundi zima lilikwenda nyumbani kwa mama wa mmoja, kisha kwa mama wa mwingine, kwa zamu. Mtu alayeye peke yake alitiliwa shaka, na mchawi katika mawazo yao alikuwa hasa mtu mwenye uroho wa nyama na maziwa.

Tazameni jinsi zamu ilivyo na hekima kuliko kugawa kwa sita. Leo ni kwa mama yako, na kuna maziwa. Kesho ni kwa mama yangu, na kuna ndizi tupu. Hakuna anayelinganisha, maana karamu hizo mbili haziko meza moja. Aliye na kidogo huwa mwenyeji siku yake, akakaa mahali pa heshima nyumbani kwao. Tena kati ya leo na kesho hubaki deni, na deni hilo ndilo linalowarudisha watu pamoja. Sisi tulitaka mambo yaishe. Kweli yaliisha: tulipoondoka Msasani hakuna aliyekuwa na deni kwa mwenzake, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwita mwenzake tena.

Hata hivyo, nayo zamu si Injili. Ukwangala ule ulikuwa wa wanaume wa rika. Wake waliopika hawakuwamo. Na Bwana wetu alikwisha kuwaambia waliomwalika kwamba wasiwaite matajiri watakaowaalika nao kwa zamu yao, bali maskini na vilema wasio na cha kurudisha. Zamu nayo yaweza kuwa biashara ya polepole. Twasema tu kwamba yamwacha maskini na uso wake, na hilo si haba.

Ni juu ya uso wa maskini huyo Mtakatifu Paulo alipowakemea Wakorintho. Walikusanyika kwa ajili ya meza ya Bwana, lakini kila mmoja aliwahi chakula chake, huyu akabaki na njaa na yule akalewa. Nyumba za matajiri wa siku zile zilikuwa na chumba cha kulia cha watu tisa hivi, wakiegemea. Waliozidi walibaki uani. Hao wa uani huenda walikuwa watumwa na vibarua waliochelewa kazini. Paulo hakuwaambia Wakorintho kwamba wamekosa adabu. Aliwaambia kwamba wanalidharau Kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu, kisha papo hapo akaanza kusimulia usiku ule ambao Bwana alitolewa. Nasi twajua usiku ule ni nani aliyechovya katika bakuli moja na Yesu. Kuchangia bakuli hakumfanyi mtu rafiki. Yuda alikuwa ameketi karibu ya kutosha kufikishiwa tonge mkononi.

Wako watakaotuuliza: mngefanya nini basi? Mmoja wa matajiri angalilipa yote? Labda, lakini mwalimu angalijiona kama mtoto. Nadhiri ya kutokwenda kabisa mahali kama pale? Hatuoni ubaya wa mtu kula zeituni na marafiki zake mara moja kwa mwaka. Tuonavyo sisi, kosa halikutendeka wakati wa bili. Lilitendeka mchana, tulipokubali mahali bila kuuliza ni nani atakayekuja na amebeba nini mfukoni. Tulikuwa tumekaa na mwalimu bweni moja miaka mingi, tukijua hata jinsi akoromavyo, lakini mshahara wake hatukujua, wala ada ya binti yake. Mtu asiyeyajua hayo juu ya rafiki yake hafai kugawa kitu chochote kwa sita.

Tulifika Mbeya usiku, na baridi. Siku ya tatu mwalimu akatuita Soweto, akasema ni zamu yake. Tulijua maana ya neno hilo, naye alijua kwamba tunajua. Alitupeleka kwa mama lishe, kibanda cha mabati chenye benchi mbili, moshi na kelele za magari; akaja na mkewe na kijana wao mdogo. Akaagiza mchele wa Kyela kwenye sinia moja, maharage, mboga, na samaki mmoja wa Ziwa Nyasa, mkubwa kwa kweli. Tulitia mkono mfukoni. Mkewe akatutazama, akasema, “Hapana, Baba. Leo u mgeni wetu.” Kwa ujira wa mwalimu samaki yule hakuwa mdogo, nasi tulijua sasa kuhesabu, hata tukaona vigumu kumeza. Tulidokoa pembeni kama yeye alivyofanya Msasani.

Akatuona. Akakata kichwa cha samaki, kipande ambacho kwao hupewa mgeni, akakisukuma upande wetu wa sinia, na kijana wao akakifuata kwa macho. Tukataka kumpa mtoto. Mwalimu akatikisa kichwa, akangoja, mpaka tukakila.