Mlezi wa Chuo na Kiti cha Kampuni

Yako maswali ambayo vijana wetu huyauliza kwa haya, na moja ni hili: je, mtu aliyekabidhiwa chuo kikuu aweza kuingia katika biashara na heshima yake ikabaki? Ili tusiseme hewani, na tumtwae mtu mmoja, John Hennessy wa Marekani.

Bwana huyu alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1977. Mwaka 1981 yeye na wanafunzi wake walianza kusanifu kiini cha kompyuta chenye amri chache na nyepesi, ili kifanye kazi upesi. Na mwaka 1984 akashiriki kuunda kampuni ya MIPS ili uvumbuzi huo uingie sokoni. Kisha akarudi darasani. Alikuwa rais wa chuo toka 2000 hadi 2016, na mwaka 2018 akawa mwenyekiti wa Alphabet, kampuni inayoimiliki Google.

Sisi hatuoni aibu katika biashara yenyewe. Wanazuoni wengi wa pwani yetu walikuwa na viduka, wengine wakishona kofia, na jioni wakifundisha msikitini bila ujira. Waliuza nguo ili wasilazimike kuuza elimu. (Wala hatusemi walikuwa malaika, duka ni duka.) Lakini kwa Hennessy bidhaa yenyewe ilikuwa elimu, na hapo ndipo penye fundo. MIPS ilizaliwa katika maabara ya chuo. Google nayo ilichipuka kwa wanafunzi wawili wa Stanford, Larry Page na Sergey Brin; chuo kilimiliki haki ya uvumbuzi wao, kikalipwa kwa hisa, na kwa kuziuza kikavuna dola zipatazo milioni 336.

Kwa hiyo mwaka 2018 hautusumbui. Alikwisha kukabidhi ofisi, na aliyeng'atuka ana haki ya kutafuta kazi nyingine. Linalotusumbua ni mwaka 2004, alipoingia katika bodi ya wakurugenzi ya Google hali angali rais wa chuo, akakalia viti viwili kwa miaka 12. Sheria za nchi yake hazikumkataza, wala sisi hatumshitaki kwa wizi. Twauliza tu: mwanachuo aliyetaka kuichunguza kampuni ile na kuikosoa, alimtazama rais wake kwa jicho gani?

Hapa Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 lilimtaka kiongozi wa TANU au wa Serikali asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, wala asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa huko Zanzibar mwaka 1991. Walioyaona makali mno kwa mtu mwenye watoto wa kusomesha hawakukosa hoja. Hata hivyo yalimbana kiongozi angali kitini, wakati neno lake lingali na uwezo wa kumfunga mwingine mdomo. Mwalimu atakayelijadili jambo hili darasani na aanzie hapo, kwenye ile miaka 12, kabla vijana hawajaanza kuhesabu mali ya Hennessy.