Umbo, Chasisi na Deni la Fundi

Chasisi ya Isuzu NQR inapotoka kiwandani Nairobi, bado haijulikani itakuwa gari la namna gani. Ni injini, magurudumu na mihimili miwili mirefu ya chuma. Ikifungwa kizimba huwa lori la ng'ombe. Ikipelekwa kwa mafundi wa bodi hurudi barabarani ikiwa matatu ya abiria 33. Magari ya aina zote mbili hupita Kisaju kwenye barabara ya Namanga. Humo limo swali la kale la falsafa: kitu huwa kilivyo kwa sababu ya maada yake au ya umbo lake?

Aristotle alishika umbo. Logibuku ya Kenya, yaani hati ya usajili wa gari, inaelekea upande mwingine, kwani hulitambua gari kwa nambari ya chasisi, hata bodi ibadilishwe. Lakini logibuku hiyohiyo huandika pia aina ya bodi, na hakuna leseni ya kubeba abiria inayotolewa kwa mihimili mitupu.

Historia ya ufundi wa bodi inampa Aristotle nguvu zaidi. Battista Farina, aliyeitwa Pinin kwa utani, alifungua karakana yake Turin mwaka 1930, akaunda mabodi juu ya chasisi za viwanda vya wengine. Mwaka 1961 majina hayo mawili yaliunganishwa kisheria kuwa Pininfarina. Kazi ya karakana hiyo ilifika Afrika Mashariki bila jina lake. Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963 na tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, ilichorwa huko. Vivyo hivyo 504, iliyoshinda 1975 na 1978. Abiria wa safari ndefu waliobanana ndani ya 504 walijua Peugeot, basi.

Fundi wa bodi wa Nairobi naye hajulikani kwa abiria wa Kisaju. Hata hivyo deni lake ni zito kuliko la mwenye chasisi: basi likibingirika, nguzo alizozichomelea ndizo zinazozuia paa lisiwaangukie watu. Kiwango cha Kenya cha KS 372 huweka masharti ya uundaji wa mabodi ya magari ya abiria kwa sababu hiyo. Msafiri hawezi kukagua kiunzi kilichofunikwa na mabati, kwa hiyo uhai wake ni amana mikononi mwa mtu asiyemfahamu. Chasisi ikivuliwa bodi hiyo na kufungwa kizimba cha mifugo, nambari hubaki ileile, lakini amana ya fundi wa kwanza imekwisha, kwa kuwa basi aliloliunda halipo tena.