Masalio ya uzi ni mali ya nani?

Suala ninalotaka tulitafakari wiki hii wapo watakaoliona dogo mno kuandikiwa gazetini. Linahusu uzi, yaani yale mabonge yanayobaki kwenye kikapu cha mfumaji baada ya kazi ya mteja kwisha.

Dada yangu mkubwa anafuma. Amelea watoto wake kwa kroshia tangu shemeji yetu alipofariki, na waliokulia uswahilini wanaijua kazi yake: vitambaa vya makochi, cha meza, cha redio, hata cha juu ya friji. (Zipo nyumba ambazo asiyevishwa ni paka peke yake.) Mwaka jana mama mmoja wa Magomeni alimletea mabonge 12 ya uzi wa rangi ya maziwa, kila moja gramu 100, amfumie seti ya makochi. Seti ikakamilika, mabonge mawili na nusu yakabaki. Mteja hakuuliza, na dada naye akanyamaza.

Kisha jirani akajifungua. Dada alikuwa na hamu ya siku nyingi ya kujaribu ule mtindo wa vipande vya mraba vinavyofumwa kimoja kimoja kuanzia katikati, kisha vinaunganishwa. Akachukua yale mabonge, akachanganya na masalio ya bluu na kijani ya kazi nyingine, akafuma blanketi la kichanga na kulitoa zawadi siku ya akika. Wanawake walilishika mkono hadi mkono, kila mtu akamwombea dua.

Miezi miwili baadaye mama wa Magomeni akarudi. Kitambaa kimoja kimeungua kwa pasi. Hili ni la kawaida, kwani nyuzi nyingi tunazoziita sufu madukani si manyoya ya kondoo, ni akriliki, jamii ya plastiki, na pasi ya moto huiyeyusha. Akaomba afumiwe kingine kwa ule uzi uliobaki.

Dada alipokuja kwangu alikuwa na hoja tayari. "Mdogo wangu, ulitaka niutupe? Si ungekuwa israfu? Na sikuuuza, nimemvika mtoto."

Nakiri kwamba hoja hii ilinipata. Sote tumefundishwa kuwa wafujaji wameitwa ndugu wa mashetani katika Suratul Israai, aya ya 27. Lakini kadiri nilivyoitafakari ndivyo nilivyoona tatizo lake. Katazo la israfu linanihusu mimi na kilicho changu. Haliniruhusu kuingia kwa jirani na kula wali wake kwa kuwa nimeona utachacha. Mali ya mtu haitoki mikononi mwake kwa sababu mwingine amepata matumizi mazuri zaidi ya mali hiyo. Wala nia njema haiitoi. Nadhani nia njema ndiyo hutudanganya zaidi, maana mwizi anajua kuwa anaiba, ila mtoa zawadi anasubiri thawabu.

Mafakihi walikwishaligusa jambo hili. Fundi akitoa malighafi yake mwenyewe na kukutengenezea kitu ulichoagiza, hiyo ni istisnaa, na kinachobaki ni chake. Mteja akileta malighafi, fundi amekodishwa kazi yake tu. Hiyo ni ijara, na alichokabidhiwa ni amana mkononi mwake hadi akirudishe. Mafundi cherehani wanaobakiwa na nusu mita ya kitenge wajisomee hapo pia.

Utauliza, je, hata nyuzi za urefu wa kidole? Hapana, tusifanye dini kuwa ugumu. Mtume (SAW) aliikuta tende njiani, akaeleza kuwa lililomzuia kuila ni kuchelea isije ikawa ya sadaka. Wanachuoni wakafahamu kutoka hapo kwamba kitu kidogo ambacho mwenyewe hawezi kurudi kukitafuta hakina neno. Lakini tende ile haikuwa na mwenyewe anayejulikana. Bonge la dada lilikuwa na mwenyewe, jina lake na simu yake vimo daftarini. Na baada ya Khaibar, watu walipoelezwa adhabu ya aliyechukua shuka katika ngawira kabla ya kugawanywa, mtu mmoja alikuja mbio kurudisha gidamu moja au mbili za viatu, naye akaambiwa kuwa hata hizo ni moto. Gidamu ni kitu gani mbele ya gramu 250 za uzi?

Tena wasiofuma hawajui jambo moja. Uzi hutiwa rangi kwa mikupuo, na kila mkupuo una namba yake kwenye karatasi ya bonge. Rangi ya maziwa ya mkupuo huu hailingani sawasawa na ya mkupuo mwingine. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili hununua zaidi ya mahitaji. Alichokiita dada masalio, kwa mama yule kilikuwa akiba ya seti yake, na fedha haziwezi kukirudisha.

Nilimkumbusha dada juu ya yule mwanamke wa Suratun Nahl, aya ya 92, anayeufumua uzi wake baada ya kuusokota madhubuti. Akadhani namlaumu kwa kufumua, kwa sababu katika kujaribu mtindo ule alifumua mara nyingi, uzi ukajikunja mpaka akauosha na kuuanika ukiwa umevutwa ili unyooke. Kufumua hakuna dhambi, bila huko nani angejifunza kazi? Mfano ule umepigwa kwa wanaovunja ahadi.

Hata hivyo sitawaacha wateja. Tunapunguza bei ya mfumaji mpaka anabaki na ujira wa aibu kwa kazi ya wiki tatu, halafu tunashangaa masalio yanapogeuka mshahara wa siri. Kama masalio ni sehemu ya malipo, yatajwe mwanzoni, kwa ulimi, pande zote mbili zisikie. Sentensi moja inatosha.

Tulikwenda Magomeni pamoja. Dada alikuwa amenunua mabonge matatu kwa fedha yake. Akaeleza yote, na blanketi akalitaja. Mama wa watu alinyamaza kitambo, akasema mtoto aachiwe blanketi lake, Mungu amkuze. "Lakini mwanangu, ungeniuliza tu. Ningekupa."

Sasa dada ana mizani mezani. Anapima uzi unapoingia na unapotoka. Kitambaa kipya amekwishakipeleka, na mama amekiweka kwenye kochi la karibu na mlango. Mchana, mlango ukiwa wazi, tofauti ya rangi inaonekana.