Kabati na Ufa

Mtu anayetaka kuuza nyumba huisafisha kwanza: hutoa vitu vilivyochakaa, hufagia, hupaka chokaa. Je, huko ni kutengeneza ao ni kudanganya?

Tulipotaka kuuza nyumba ya marehemu baba, hapa Lubumbashi, tulitoa viti vibovu na mitungi iliyopasuka. Sufuria za jirani tukazirudisha kwake. Mwisho tukasukuma kabati kubwa. Kumbe, nyuma yake ukuta umepasuka toka juu hata chini! Feza ile tuliihitaji kwa matibabu ya mama. Mdogo wangu akasema: «Yaya, turudishe kabati mahali pake hata tulipwe.»

Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alifundisha hivi: kilema kinachoonekana wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kukitangaza, bei ikiwa ya haki. Lakini kuuza nyumba inayotaka kuanguka kana kwamba ni imara, huo ni udanganyifu.

Basi, kuondoa takataka si zambi: mnunuzi apate kuona. Kurudisha kabati ni zambi: asione. Tulimwonyesha ufa, bei ikashuka sana. Mama akasema tu: «Vema. Watoto wake watalala karibu na ukuta ule.»