Kabla Hujashika Bisibisi

Vijana wangu mnaopiga kinanda kwaya, nanyi mnaojifunzia nyumbani, nisikilizeni. Kinanda cha umeme hakifi kirahisi. Vingi huuawa na mikono iliyotaka kuviponya. Sauti ikigoma dakika chache kabla ya ibada, mmoja anapiga kofi juu ya kinanda, mwingine anachomoa kila waya, wa tatu ameshaleta bisibisi. Baada ya hapo hakuna ajuaye tatizo la mwanzo lilikuwa lipi.

Kijue kwanza chombo chako. Ndani yake hamna nyuzi wala nyundo za kuzigonga. Sauti zimerekodiwa na kuhifadhiwa kwenye kumbukumbu. Ukibonyeza kibao, migusano miwili ya raba iliyo chini yake hufunga, mmoja kisha wa pili, nacho kinanda hupima muda uliopita katikati. Muda ukiwa mfupi, kinaelewa umepiga kwa nguvu. Ukiwa mrefu, umepiga kwa upole. Kutoka hapo sauti huenda kwenye amplifaya na spika zake, au hupita kwenye kebo hadi mikisa na spika za ukumbini. Basi usiulize "kimeharibika?" Uliza sauti imekwamia wapi.

Hedifoni itakujibu nusu ya swali. Chomeka, sikiliza. Ukisikia sauti safi masikioni, chanzo cha sauti ni kizima. Tafuta kwenye spika, kebo au mikisa. Ukisikia mkwaruzo uleule, tatizo liko ndani. Kisha uchomoe plagi yote, pamoja na adapta yake ndogo, kwa sababu vinanda vingi huzima spika zake maadamu kuna kitu ndani ya tundu la hedifoni. Ni wengi waliomtafuta fundi kwa ajili ya adapta iliyosahauliwa mle tangu mazoezi ya juzi.

Nusu ya pili itajibiwa na wimbo wa maonyesho uliomo ndani ya kinanda. Uwashe. Ukilia vizuri huku vibao vikiwa bubu, usiguse spika: huenda mtu amezima mpangilio uitwao Local Control, unaoviunganisha vibao na sauti za kinanda, pengine siku kilipounganishwa na kompyuta. Urudishe tu. Kinanda kikilia lakini hakipatani na waimbaji, tazama transipozi, yaani mpangilio unaopandisha au kushusha noti zote, kabla ya kuilaumu sauti ya pili.

Pedali nayo ina hila zake. Vinanda vingi huikagua pedali wakati vinapowashwa. Ukiwasha huku umeikanyaga, itafanya kazi kinyume: noti zitavuta mguu ukiwa juu na kukatika ukikanyaga. Dawa yake ni kuzima, kuondoa mguu, na kuwasha upya.

Kibao kimoja kikipiga kelele kuliko wenzake, au kikinyamaza, mara nyingi vumbi au unyevu umeingia kwenye ile migusano ya raba, na kipimo cha muda kimevurugika. Ninyi mlio Tanga, Mombasa na Unguja mnaujua upepo wa chumvi. Kifunikeni kinanda kila mnapomaliza. Kazi ya kusafisha raba mwachieni anayejua kuipanga upya. Lakini kama noti fulani tu inatetemesha kitu, kwanza ondoa kalamu, glasi na fremu ya picha iliyo juu ya kinanda. Ukisikia mlio wa tititi usioeleweka, isogeze mbali simu yako.

Sasa nifike kwenye umeme, na hapa sina utani. Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240. Japani ni 100, Marekani 120. Kinanda cha mtumba kutoka huko ambacho hakikutengenezwa kwa umeme wetu, ukikichomeka moja kwa moja ukutani kinaungua hapohapo. Soma maandishi ya nyuma yake kwanza. Kama kinahitaji transfoma, nunua transfoma. Na adapta ya umeme haiwi sahihi kwa sababu tu kichwa chake kimeingia. Adapta nyingi za Yamaha za volti 12 zina chanya katikati, ilhali za zamani za Casio za volti 9 zina hasi katikati. Mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa umewekwa ili usomwe. Umeme ukikatika, chomoa; ukirudi, subiri utulie ndipo uchomeke.

Mngurumo mzito usiokoma mara nyingi husababishwa na vyombo viwili vilivyounganishwa kwa kebo lakini vimechomekwa kwenye soketi tofauti. Vichomeke vyote kwenye soketi moja usikilize tena. Kama kinanda chako hutumia betri, kiwashe kwa betri: mngurumo ukitoweka, umeshajua unatokea kwenye njia ya umeme. Ila kuna "ufundi" ninaoukataza kabisa: kuvunja pini ya ethi ya plagi ili mngurumo unyamaze. Utanyamaza kweli. Lakini siku amplifaya itakapovujisha umeme, njia utakayoipitia hadi ardhini ni mwili wa mwimbaji aliyeshika maikrofoni ya chuma. Kama soketi moja haikusaidia, nunueni kisanduku cha DI chenye swichi ya kukata ethi ya kebo ya sauti, na ethi ya umeme ibaki mahali pake.

Wakati wa kuwasha, anzeni na kinanda, kisha mikisa, amplifaya iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie. Ule mshindo unaosikika mkikosea mpangilio huo ndio unaozichosha koni za spika.

Na hiyo njia ya mkato mnayoelekezana, ya kurudisha kinanda kama kilivyotoka kiwandani? Kwenye Yamaha nyingi ndogo unashikilia kibao cheupe cha mwisho kulia huku ukiwasha. Inasaidia, lakini inaweza kufuta nyimbo na mipangilio iliyohifadhiwa. Iwe hatua ya mwisho, nayo mkubaliane na mwenye kinanda.

Katika yote haya, badilini kitu kimoja, msikilize, ndipo mguse kingine. Anayebadilisha vitano kwa mpigo, hata sauti ikirudi, hajajifunza kitu, na wiki ijayo ataanza upya. Ikibidi kwenda kwa fundi, msimwambie "kinazingua." Mwambieni: hedifoni ni safi, spika ya kushoto inakwaruza, tumebadilisha kebo, hali ni ileile. Atafungua mahali panapohusika tu, nanyi mtalipia kazi hiyo moja.